Kukagua na kutengeneza sanduku la muziki la silinda katika hewa ya pwani ya kusini

Kama umerithi sanduku la muziki la zamani, lile lenye silinda ya shaba na kitana cha chuma ndani, nakuomba kitu kimoja kabla hujasoma zaidi: usilijaribu. Usivute mkono wa kujazia, usizungushe ufunguo, usiguse kifeni kidogo kilichoko upande wa kulia eti uone kama bado kinazunguka. Mengi niliyoletewa yalikaa salama miaka nenda miaka rudi, yakaja kuharibika siku moja tu, siku ambayo mtu mwenye nia njema alitaka kuyasikia.

Mimi ni fundi wa saa na cherehani, meza yangu iko Chikongola, Mtwara mjini. Ufundi nimeupata kwa mjomba wangu, aliyekuwa akitengeneza saa za ukutani Lindi, na yeye ndiye aliyenionyesha sanduku la kwanza. Kazi hii haiji kila siku. Huja kutoka nyumba za mawe za Mikindani, au kwa familia za wafanyabiashara wa zamani wa Lindi, na mwenye nalo huwa ana swali moja: litaimba tena? Jibu linategemea hali ya kitana, na kama kuna mtu ameshalifungua kabla yako.

Tujue kwanza tunashika nini. Mwaka 1796 fundi saa wa Geneva, Antoine Favre, alionyesha kwamba vibamba vya chuma vilivyopangiwa sauti vinaweza kushika nafasi ya kengele ndani ya saa. Kutokana na wazo hilo mafundi wa Geneva, na wale wa Sainte-Croix huko huko Uswisi milimani, walijenga biashara kubwa katika karne ya 19. Majina kama Nicole Frères na Paillard yametoka huko, na upande wa Ufaransa kulikuwa na L'Epée. Karne ilipokaribia kwisha zikaja mashine za sahani za chuma kutoka Leipzig, Ujerumani, ambazo unabadilisha wimbo kwa kubadilisha sahani, kisha santuri ikazifunika zote. Kwa hiyo sanduku la silinda la namna hii huenda limeshapita miaka 120. Hakuna duka la vipuri Kariakoo litakalokusaidia. Kila kilichomo ndani ya sanduku, hata kipande kilichovunjika, ndicho kipuri chako.

Ukifungua kifuniko, kushoto utaona bareli, na ndani yake ndimo springi ilimo. Katikati imelala silinda, mrija wa shaba ya njano wenye maelfu ya pini za chuma zilizochomekwa, kila moja nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Mbele yake kuna kitana: bamba la chuma lililokatwa meno, marefu kushoto kwa sauti nzito, mafupi kulia kwa sauti nyembamba. Silinda inapozunguka, pini inainua ncha ya jino kisha inaiachia, na jino linalia. Kulia kabisa kuna gavana, yaani magurudumu madogo, skrubu ndefu iliyosimama wima, na kifeni kinachozunguka nayo. Upepo unaopigwa na mabawa ya kifeni hicho ndiyo breki pekee ya mashine nzima. Hapo ndipo hatari yote ilipo.

Kuna jambo moja usiloliona. Ndani ya silinda, mafundi walimimina gundi ya utomvu ikiwa imeyeyuka, wakaizungusha hadi ikatanda kila mahali na kushika miguu ya pini. Ndiyo maana silinda haichovywi kwenye spiriti wala haiachwi juani. Spiriti huyeyusha utomvu, joto huulainisha, na pini zikikosa cha kuzishika sauti inakuwa ya kufa kufa, yenye mtetemo usiopendeza. Ukiizungusha silinda taratibu ukasikia kitu kinagonga ndani, gundi imebanduka. Hiyo si kazi ya meza yangu wala yako.

Macho kabla ya bisibisi

Weka sanduku juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha, uwe na tochi na kioo kidogo cha mkono. Kitambaa cheupe kina maana yake: ncha ya jino ikidondoka utaiona.

Anza na silinda. Kuna mstari mwembamba usio na pini kutoka kushoto hadi kulia. Nyimbo zote huanzia na kuishia hapo. Kama mstari huo unatazamana na ncha za kitana, mashine ilisimama mwisho wa wimbo, na kazi yako imepungua nusu. Kama ncha zimezama kati ya pini, ilikwama njiani, na kitana hakitolewi kwa hali yoyote mpaka silinda ifike kwenye mstari. Ukikinyanyua hivyo hivyo utainamisha pini na kuvunja ncha kwa mkupuo mmoja.

Sasa laza tochi chini, mwanga upite sambamba na silinda. Pini nzima zinasimama kwa mpangilio mmoja. Ukiona ukanda mzima umelazwa upande mmoja, silinda hiyo ilishawahi kukimbia, na nitaeleza kukimbia ni nini. Kisha tazama kitana: ncha zilizokatika, kutu, na chini yake, kwa kioo, unga mweupe. Tazama pia sakafu ya sanduku. Usipulize vumbi wala usifagie. Ncha za meno huwa zimelala humo, na ncha ya asili ina thamani kuliko yoyote utakayochonga.

Karatasi ya majina ya nyimbo, ambayo hubandikwa ndani ya kifuniko, ipige picha na uiache ilivyo. Usiitie plastiki. Namba utakazokuta kwenye kitana na kwenye kitako cha shaba au chuma ziandike, kwa sababu ndizo zitakazomwonyesha mjuzi sanduku lilitoka karakana gani.

Kuua springi

Chukulia springi imejaa, hata ukihakikishiwa kwamba halijaguswa tangu enzi za babu. Springi iliyojazwa mwaka 1961 inaweza kuwa bado na nguvu zake leo kama mashine ilikwama katikati ya wimbo.

Hakikisha skrubu zinazoshika gavana kwenye kitako zimekaza. Kisha, kwa ncha ya sindano, weka tone dogo mno la mafuta ya saa juu na chini ya ile skrubu iliyosimama, na kwenye maegemeo ya magurudumu. Usiendelee siku hiyo. Mafuta ya zamani yamegeuka gundi na yanataka usiku mzima kulegea. Kesho yake sogeza swichi ya kuanzia. Lisipoanza, sukuma bawa la kifeni kwa chelewa. Ufagio wa chelewa hauna thamani sokoni lakini kwenye kazi hii ni chombo kamili, kigumu cha kutosha kusukuma, laini kiasi cha kutokwaruza chuma. Likianza, liache lijiendee hata kama linalia vibaya. Sikiliza mwendo. Ukianza kuzorota, rudisha swichi lisimame lenyewe mwisho wa wimbo.

Hapo ndipo kitana kinapotoka. Legeza skrubu zake zote kwa robo mzunguko, kisha zifungue. Kila skrubu ichomeke kwenye kipande cha kadibodi ulichochora umbo la kitana, ili irudi kwenye tundu lake, kwa sababu hazilingani urefu. Nyanyua kitana kwa mikono miwili, pande zote pamoja, kiende juu moja kwa moja. Kiweke ncha zikitazama juu, mbali na watoto na mbali na ukingo wa meza.

Bado hujamaliza. Hata mashine ikisimama, springi hubaki na nguvu kidogo kwa sababu kwenye bareli kuna kidole na gurudumu dogo la umbo la msalaba, vinavyozuia isijae kupita kiasi na isiishe kabisa. Zuia kifeni kwa karatasi iliyokunjwa, fungua kile kidole, kisha ondoa karatasi. Silinda itazunguka bila kitana, gavana ikiwa mahali pake, mpaka nguvu ya mwisho iishe. Sasa tu, ukiisukuma silinda kwa kidole gumba kupitia gurudumu lake kubwa na ikawa haina mvuto wowote, gavana inaweza kufunguliwa.

Kama limegoma kabisa, na ni la kujazwa kwa ufunguo, kuna njia nyingine: vaa ufunguo, ushike barabara, inua kikucha cha racheti, yaani lile gurudumu la meno linalozuia springi isirudi nyuma, uachie nusu mzunguko, rudisha kikucha, badilisha mshiko, endelea. La mkono wa kuvuta halina njia rahisi ya namna hiyo. Likiwa limekwama katikati ya wimbo na springi ina nguvu, funga kifuniko, usubiri mtu aliyewahi kuyashika.

Narudia jambo hili kwa sababu ya kitu nilichokiona Mikindani, kwenye nyumba ya mawe chini ya Boma. Niliitwa na bibi mmoja, mtu mzima sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ulitazame, limekuwa bubu."

Nikafunua. Kitana kilikuwa kimebaki na mapengo, na silinda imelazwa pini kuanzia katikati hadi kulia.

"Bibi, nani alilifungua hili?"

"Alikuja kijana, fundi wa redio. Akasema kile kipepeo kimejaa uchafu, akakitoa asafishe. Alipokitoa tu likapiga yowe, prrrr, mpaka nikaziba masikio. Kisha kimya."

Huko ndiko kukimbia. Kifeni kilipotoka breki ikaondoka, springi yote ikamwagika ndani ya sekunde chache, silinda ikasaga pini zake dhidi ya meno. Yule bibi alikuwa na hekima kumshinda fundi: aliokota ncha zote zilizoruka akaziweka kwenye kikopo cha wanja, na alinikabidhi kikopo kile kwa mikono miwili. Kutokana nacho nilirudisha ncha kadhaa za sauti nzito. Meno mengine hayakuwezekana. Leo linaimba nyimbo zake zikiwa na mapengo, na kila nikipita Mikindani huniambia nipande nilisikilize.

Pini zilizoinama, kama hazijalala kabisa, husimamishwa. Nunua duka la dawa sindano mpya ya bomba, iliyo nene, sugua ncha yake kwenye jiwe la kunolea hadi iwe bapa. Umepata mrija wa kuvisha juu ya pini. Vaa miwani ya kukuza, visha, simamisha kidogo kidogo ukilinganisha na pini za jirani. Pini hukubali kunyooshwa mara moja. Ukiipeleka mbele na nyuma inakatika pale inapotokea kwenye shaba, na hiyo ni noti iliyopotea. Kuchomeka pini upya silinda nzima ni kazi ya karakana chache za Ulaya na Marekani, na gharama yake ni kubwa. Vyama vya wapenzi wa vyombo hivi, kama Musical Box Society of Great Britain kilichoanzishwa mwaka 1962, vinawafahamu wanaoifanya.

Kitana na chumvi ya bahari

Kwetu huku adui ni hewa. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, upepo wa kaskazi unaleta unyevu wenye chumvi, na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji zikayatoa polepole. Chuma cha kitana, kilichosuguliwa kikang'aa, hakina kinga.

Kutu ya juu ya meno si ugonjwa wa kutisha. Iondoe kwa jiwe laini lenye mafuta, ukisugua kwa urefu wa jino, usikate kwa upana, na uache ikibaki na madoa. Hapa hamu ya kung'arisha inaponza watu. Chuma unachokiondoa ni sauti: ukipunguza shina la jino sauti yake inashuka, ukipunguza ncha inapanda. Mtu akishika msasa akasugua kitana kizima mpaka kiwe kioo, amekipotezea mpangilio wa sauti uliofanywa kwa sikio na fundi aliyekwisha kufa zamani. Mimi napenda kitana chenye madoa kinacholia sawasawa.

Chini ya meno ya sauti nzito kuna vipande vya risasi vilivyounganishwa ili kuyapa uzito. Risasi ikikaa na unyevu na hewa ya ndani ya sanduku la mbao, inaota unga mweupe, inavimba, na vipande vinagusana. Jino lililoshikwa na jirani yake halilii, linatoa mlio wa kukwaruza. Unga huo ni sumu. Usiupulize, usiuguse kwa mkono mtupu, usifanyie kazi hiyo jikoni. Vaa barakoa na glavu, lainisha unga kwa tone la mafuta ili usiruke, kisha pitisha chelewa iliyochongwa bapa katikati ya kipande na kipande. Futa kwa pamba, pamba iingie kwenye mfuko na kutupwa. Usikwangue risasi yenyewe, kwa kuwa uzito ukipungua sauti inapanda.

Ncha iliyokatika huunganishwa kwa kukata ufa mdogo kwenye jino lililobaki, kuchomeka kipande na kulehemu kwa risasi inayoyeyuka kwa joto dogo. Joto likizidi chuma kinapoteza ugumu, na jino halitalia tena. Usitumie asidi ile ya wachomeleaji wa mabati. Inabaki ndani ya ufa na kuula kitana baada ya wewe kuondoka. Kama hujawahi kulehemu kitu chembamba, fanya mazoezi kwenye ubapa wa msumeno wa zamani kabla ya kugusa kitana.

Vizimio

Sehemu hii wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha sanduku linaloimba na sanduku linalokwaruza. Jino likiwa bado linatetemeka kutokana na noti iliyopita, pini nyingine ikija kuligusa, chuma na chuma vinagombana, na utasikia mlio mkali wa kuchubua. Kuzuia hilo, chini ya ncha ya jino kuna kizimio: waya bapa, mwembamba, wa jamii ya ile nywele ya ndani ya saa, uliopindwa ufuate umbo la ncha. Pini inapopanda inaugusa waya kwanza, waya unalalia jino, mtetemo unakufa, ndipo pini inainua.

Geuza kitana, weka mwanga ubavuni, tembea jino kwa jino. Waya uliokatika utaona kibanio kitupu. Waya uliopinda utauona umejitenga na ncha, au umeisogelea mno hadi unaigusa muda wote. Ulio mzima uache. Uliopinda urudishe kwa kibano chembamba, nukta kwa nukta: shina la waya lishuke kidogo kutoka kwenye jino, kisha lipande polepole mpaka mwisho wake ukae chini ya ncha, na nafasi kati yao iwe ya unene wa karatasi ya sigara. Usiupinde kwa kona kali, unakatika. Kuweka waya mpya, kigingi cha zamani kilichoushika hutolewa kwa sindano, waya mpya huingizwa kwenye tundu, na kigingi kinarudi. Fanya jino moja, pumzisha macho, fanya jingine. Mjomba alikuwa akifanya machache asubuhi, kisha anahamia kwenye saa, na sasa naelewa kwa nini.

Kwenye meno mafupi ya kulia, waya ni mzito kupita kiasi, kwa hiyo mafundi wa kale walibandika vipande vya unyoya. Na hapa ndipo Mtwara ina neema. Okota unyoya wa bawa la kuku wa kienyeji, uoshe kwa sabuni, ukauke. Kata ukanda mwembamba wa upana wa jino, ubandike kwa tone la shelaki wanayotumia mafundi wa samani, mwisho wake uchungulie kidogo kwenye ncha. Ukikauka, punguza kwa wembe. Meno ya mwisho kabisa, mafupi kuliko yote, hayahitaji kitu, kwa kuwa mtetemo wao unajifia wenyewe. Kumbuka kwamba shelaki huyeyuka kwa spiriti, hivyo kusafisha kitana kwa spiriti baada ya kazi hii ni kubandua ulichobandika.

Gavana

Hapa sitachukua muda. Ifungue, osha magurudumu kwa mafuta ya taa safi, kausha, toa uchafu kwenye nafasi za meno kwa kijiti cha mbao. Juu ya skrubu iliyosimama kuna kijiwe chekundu inachozungukia ncha yake. Kikague kwa kioo cha saa. Kikiwa na shimo, mashine itasita na kusimama, na dawa ni kukigeuza ncha izungukie mahali pazima. Ncha ya skrubu ikiwa bapa, isugue iwe mviringo na iwe laini kabisa. Mabawa ya kifeni, kama yanasogezwa, yakitoka nje mwendo unapungua, yakiingia ndani unaongezeka. Usiyapinde kuyasogeza, yana pingili zake.

Kurudisha

Rudisha gavana, kaza skrubu zake, rudisha kidole cha bareli springi ikiwa na mzunguko mmoja hivi wa akiba, kisha jaza milio michache tu ya racheti na uiache mashine iende bila kitana. Unatafuta sauti tulivu ya kifeni, isiyobadilika. Ikipanda na kushuka, magurudumu yana uchafu au hayajakaa sawa. Rekebisha sasa hivi kabla kitana hakijarudi.

Silinda inateleza kushoto na kulia juu ya ekseli yake, umbali mdogo mno, wimbo hadi wimbo, ikisukumwa na gurudumu lenye ngazi. Kama sanduku lilikuwa likichanganya nyimbo mbili, mara nyingi sababu ni mafuta yaliyoganda kwenye ekseli hiyo, silinda hairudi mpaka mwisho. Futa, weka tone moja, isukume kwa kidole uone inarudi yenyewe kwa springi yake.

Simamisha silinda kwenye mstari wa mapumziko. Shusha kitana sambamba, vigingi vyake viingie bila kulazimishwa. Kaza skrubu za katikati kwanza, kidogo, halafu za pembeni, kidogo, urudi katikati. Kwa miwani tazama kila ncha: pini za wimbo uliowekwa zipite katikati yake. Zikipita ukingoni kwenye kitana kizima, ngazi ya wimbo haijakaa. Zikipita ukingoni upande mmoja tu, kitana kimekaa kombo. Jaza milio michache, sikiliza wimbo mmoja, simamisha, kagua tena.

Mafuta yasiende kwenye vizimio. Ukitaka kuukinga uso wa kitana dhidi ya chumvi, paka juu tu, kwa kitambaa kilichoguswa tone na kufutwa hadi kionekane kikavu. Dawa za kupulizia za makopo ziache kwenye pikipiki, kwa kuwa huingia chini ya meno, zinashika vumbi na kulowesha manyoya. Na dawa ya kung'arishia shaba isikaribie silinda, maana unga wake hubaki kati ya pini na hautoki.

Kasha lenyewe lisisahauliwe. Skrubu zinazoshika kitako kwenye mbao zikilegea, sauti inakuwa nyembamba, kwa sababu mbao ndizo zinazoibeba. Zikaze kwa mkono. Mbao zikiwa zimebunguliwa upande wa chini, mpelekee fundi wa samani mwenye subira, na mkono wa kujazia ukivunjika kishikio, mchonga mpingo yeyote wa huku atakuchongea kingine kisichopinda kwa unyevu.

Mahali pa kuliweka: ukuta wa ndani, mbali na dirisha linaloelekea bahari, juu ya meza, si juu ya kabati karibu na bati. Ndani yake weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mbali na gavana, na uvibadilishe vikishiba. Ukilisafirisha, hata ni Mikindani hadi mjini kwa bajaji, acha wimbo uishe kwanza na springi iishe, lipakate likiwa limekaa kwa kitako chake. Siku za kawaida lipige wimbo mmoja au miwili kila baada ya wiki chache ili mafuta yasigande, na usiliache likiwa limejazwa.